Kivu ya pembeni inaendeshwa na siku ya soko

Mgeni akishuka Bukavu, awe ametoka Kinshasa, Lubumbashi, Dar es Salaam au Ulaya, hata mzigo hajautua ameshauliza habari za gorila. Simlaumu. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970, ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, na gorila wake, wale wa nyanda za chini za mashariki, hawapatikani porini nje ya Kongo. Akishawaona, anauliza volkeno ya Nyiragongo, kule Goma. Akimaliza hayo mawili anafunga begi, anatuma picha, anasema Kivu ameimaliza.

Mimi ni mtoto wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, na kwetu nyumba haikosi mgeni. Binamu wa Lubumbashi wanakuja likizo, rafiki wa dada yangu anavuka kutoka Kigoma, na mara nyingine wageni wa kazi wanahitaji mtu wa kuwafasiria Mashi, lugha ya kwetu. Wote hao huangukia mikononi mwangu. Walioridhika na gorila nimewapeleka kwenye gorila. Wale waliosema "tupeleke mahali ambapo watu hawaendi" ndio walionifanya niifahamu nchi yangu, kwa maana nilijikuta naulizia njia pamoja nao.

Nilichokiona ni hiki. Njia ya gorila ina saa yake: asubuhi uko Tshivanga, kwenye lango la mbuga, walinzi wanakueleza masharti, kundi la wageni halizidi watu wanane, saa moja mbele ya wanyama, mchana umerudi mjini unakula. Kila kitu kimepangwa kumngoja mgeni. Mahali pengine pote katika milima hii pamepangwa kumngoja mwenyeji. Kuna siku ya soko, boti ya mama wauza ndizi, misa ya Jumapili, mvua ya alasiri, na mtu mmoja mwenye ufunguo. Ukijaribu kuiweka ratiba yako juu ya hiyo, utakaa juu ya jiwe ukingoja usafiri usiokuja. Ukiifuata yao, milima inafunguka, tena kwa bei ndogo.

Kabla sijaendelea: safari ninazozisimulia ni za kabla ya Februari 2025, vita vilipoingia Bukavu wiki chache baada ya kuingia Goma. Barabara iliyopitika mwezi uliopita inaweza kuwa imefungwa leo. Kwa hiyo mtu asiyachukue maneno yangu kama ruhusa ya kutoka. Aulize walio kule, wale waliopita njia hiyo wiki hii.

Nianze na Idjwi, maana ndiko ningerudi kesho kama ningeweza.

Kila anayepanda kanoti ya mbio, yaani boti ya kasi, kati ya Bukavu na Goma anakipita kisiwa hicho. Milima yake ya kijani inakaa upande wa dirisha kwa muda mrefu, abiria wanapiga picha mbili tatu kisha wanarudi kwenye simu zao. Husemwa kuwa ni cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, nyuma ya Ukerewe wa Ziwa Victoria, na bado sijawahi kukuta huko kundi la watalii. Kwenda si kazi ngumu. Kazi ni kujua siku. Boti za mbao zenye mota hutoka Bukavu zikifuata masoko ya kisiwani, na masoko hayo hayako siku moja: kijiji hiki leo, kile keshokutwa. Ukienda ufukweni siku isiyo ya soko utaambiwa hakuna boti, na aliyekuambia atakushangaa, kama vile umeuliza misa ya Jumatano usiku.

Siku ya soko mambo ni mengine. Tulifika Muhanzi, bandari ya Bukavu, kukiwa bado na baridi ya ziwa. Wapagazi walikuwa wakishusha shehena ya jana na kupandisha ya leo wakati huohuo, kwenye ubao mmoja. Zilipanda saruji, magodoro, kreti za bia, sabuni za miche na mabati yaliyokunjwa. Yalishuka mananasi. Idjwi ni nchi ya mananasi, na mama aliyekuwa akiyapokea alikuwa hayahesabu hata kidogo. Alikuwa akigonga kila moja kwa kidole cha kati, akisikiliza, analiweka kulia au kushoto. Nilimuuliza ya kushoto yana nini. "Hayo ni ya leo jioni," akasema. "Hii ingine inafika Jumapili." Alijua hata siku ambayo kila nanasi litaliwa Kadutu.

Nilimuuliza nahodha tunatoka saa ngapi. Akanijibu kwa kunionyesha kwa kidevu wale mama wa soko, waliokuwa bado wamesimama. Walipokaa, tukaondoka.

Jambo la boti sitalipitia haraka. Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 470 na ajali zake si hadithi. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa karibu kufika bandari ya Kituku, Goma, imebeba watu kupita uwezo wake, na wengi walikufa mbele ya macho ya waliokuja kuwapokea. Kwa hiyo mimi nina sheria zangu na sizibadilishi hata kwa binamu mwenye haraka. Boti ya asubuhi, wakati maji yametulia, si ya jioni. Jaketi la kuokolea liwe mwilini na kamba zimefungwa, si la kukalia kama mto. Na nikiona maji yamekaribia ukingo kabla hatujaondoka, nashuka, hata kama nimelipa. Nauli ya Idjwi haifiki bei ya mlo mmoja wa hotelini. Mtu asife kwa ajili yake.

Tuliposhuka, mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa alitusalimu, tukamjibu, akatutazama miguu mpaka kichwa.

"Munatokea wapi?"

"Bukavu, mzee."

"Shefu anajua?"

Tukasema ndiyo kwanza tumefika.

"Mupite kwa shefu kwanza, batoto. Kisha mutatembea kwenu."

Idjwi ina tawala mbili za kimila, Rubenga upande wa kaskazini na Ntambuka upande wa kusini, na kila moja ina mwami wake na mashefu chini yake. Katika ofisi ya shefu kulikuwa na meza, picha ya rais, na daftari kubwa lililochorwa mistari kwa rula. Karani aliandika majina yetu polepole, kwa mwandiko mzuri wa shule ya mapadri. Alipofika kwenye safu ya sababu ya safari, kalamu ikasimama. Biashara? Hapana. Kilio? Hapana. Harusi? Hapana. Shirika gani? Hakuna shirika. Tumekuja kutembea tu, kuona. Akatuangalia kwa huruma kidogo. Mwishowe akauliza: "Munalala kwa nani?" Tulipotaja nyumba ya mama mmoja ambaye mpwa wake ni jirani yetu Kadutu, uso wake ukafunguka, akaandika kwamba sisi ni wageni wa mama huyo, akapiga mhuri.

Tangu siku hiyo sijaanza safari ya pembeni bila jina la mwenye nyumba. Kwetu mtu anayetembea bila mwenyeji ni swali linalotembea, na baada ya miaka yote hii ya vita, watu wana haki ya kuuliza maswali. Mgeni wa mtu fulani, hata akipotea njia, watoto watamrudisha kwa mtu huyo. Jina hupatikana kwa urahisi kuliko unavyodhani. Hakuna kijiji cha Kivu Kusini kisicho na shangazi Kadutu, Bagira au Panzi. Uliza kanisani, uliza sokoni, uliza dereva wa pikipiki.

Kisiwani magari ni machache sana. Tulitembea kwa miguu kati ya migomba, maharagwe na mibuni, njia nyekundu ikipanda na kushuka bila kuchoka. Kwa upande mmoja uko ukingo wa Kongo, kwa upande mwingine Rwanda, karibu kiasi cha kuona moshi wa jikoni. Mkataba wa mwaka 1910 kati ya wakoloni ndio ulioiacha Idjwi upande wa Kongo ya Wabelgiji. Mwenyeji wetu hakuwa na habari na mkataba wowote. Yeye mpaka anaujua kwa kahawa. Alitueleza miaka ile ambapo huku hakukuwa na mnunuzi, wanaume wakavuka ziwa usiku na magunia ya kahawa kwenye mitumbwi midogo kwenda kuuza ng'ambo, na wengine hawakurudi. Alitaja watu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, huku akichagua maharagwe kwenye ungo bila kuinua macho. Siku hizi kuna vyama vya ushirika vyenye mashine za kuosha kahawa na wanunuzi wanaofuata mali hapohapo. Alitukaangia mbegu kwenye chungu, tukainywa nzito, bila maziwa. Kahawa ile nimeitafuta Bukavu mjini mpaka leo. Sehemu yake kubwa inakwenda nje, sisi tunaletewa ya unga kwenye kopo.

Usiku, wavuvi wa sambaza walitoka. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja, yenye miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama pembe, wanawasha taa ili samaki wazifuate, wanashusha wavu. Wakipiga makasia wanaimba, na wimbo ndio unaoweka mikono pamoja. Sambaza wenyewe ni wahamiaji: waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu Kivu ilikuwa na samaki wachache. Leo mtu wa Bukavu hawezi kufikiria bugali bila sambaza, na ukimwambia ni wageni atabisha. Asubuhi tulikula waliokaangwa, kichwa na mkia, na pilipili ya kusagwa pale pale.

Kurudi kulihitaji kungoja boti ya soko jingine. Binamu yangu wa Lubumbashi, aliyezoea mabasi ya Kasumbalesa, alikuwa akitembea huku na huko ufukweni akiangalia saa. Siku ya mwisho aliacha kuitazama.

Sasa Lwiro. Hapa kuna kitu cha ajabu ambacho hata watu wa Bukavu wengi hawajakiona, ingawa kiko kwenye njia ya uwanja wa ndege wa Kavumu na unaweza kwenda na kurudi siku moja. Barabara yenyewe tayari ni matembezi. Unapita Mudaka, ambako siku ya soko ni bora usiende kwa gari kabisa, maana njia yote inageuka kuwa soko na dereva anasukuma kwa honi hatua kwa hatua. Kisiwani unaitafuta siku ya soko, Mudaka unaikimbia. Mbele kuna mashamba, na miti ya kwinini ambayo gome lake hupelekwa Bukavu kutengenezwa dawa. Kisha unaacha barabara kuu, na katikati ya migomba na nyumba za udongo panatokea majumba makubwa ya mawe yenye matao na bustani, kama chuo kikuu kilichoanguka kutoka mbinguni. Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kisayansi wa Afrika ya Kati mwaka 1947 na kujenga hapa kituo chake kikubwa. Leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, lakini wazee wa huko bado wanakiita kwa herufi za zamani: IRSAC.

Mwenye ufunguo wa vyumba vya mkusanyiko alikuwa amekwenda kuzika. Mlinzi alituambia hivyo kwa utulivu, akatuonyesha ukingo wa ua tukae. Rafiki wa dada yangu alitaka twende, turudi siku nyingine. Mimi nilisema tungoje, kwa kuwa kilio cha kijijini kina saa zake, na watu wa kazi hurudi baada ya kaburi kufunikwa. Alirudi viatu vikiwa na udongo, akanawa mikono, akaomba radhi kwa kutuchelewesha, jambo lililotutia haya sisi zaidi, tukampa pole yake. Halafu akafungua.

Chumba kilikuwa na makabati ya mbao yenye droo bapa. Alivuta moja: ndege waliolala chali, safu kwa safu, mbawa zimekunjwa, kila mmoja amefungwa mguuni kikaratasi chenye mwandiko wa wino uliopauka: jina, mahali, tarehe. Harufu ya naftalini ikatupanda puani. Alivuta nyingine, akatuonyesha ndege wa manjano wa milimani, akataja kijiji alikotoka, na kijiji hicho ni jirani na kwa bibi yangu. Nyoka walikuwa kwenye chupa. Kulikuwa na maktaba yenye rafu za mbao mpaka juu, na idara ya wale wanaosikiliza ardhi. Vyombo vya hapo vimekuwa vikiandika mitetemeko ya bonde letu tangu enzi za Wabelgiji, na ule wa Februari 2008 ulioangusha nyumba Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi sisi tuliusikia kwa miili yetu. Mtu yule mwenye ufunguo amekuwa hapo katika vita vya 1996 na vya 1998. Sikumuuliza analipwaje.

Kando ya hapo kuna kituo cha nyani na sokwe, kilichoanzishwa mwaka 2002. Sokwe zaidi ya mia, yatima karibu wote: wawindaji waliua mama zao kwa ajili ya nyama, watoto wakakamatwa kuuzwa. Binafsi napeleka watoto hapa kabla ya kuwapeleka kwenye gorila. Gharama ni ndogo, na mtoto anaelewa palepale nyama ya porini inatoka wapi. Gorila ni mamia ya dola kwa mgeni kwetu, na kule Rwanda kibali kimefika dola 1,500 tangu 2017. Familia ya Bukavu haiwezi hata kufikiria hilo.

Ukiendelea mpaka Katana kuna chemchemi za maji ya moto, Kankule. Usitegemee bwawa lenye vigae. Ni maji yanayotoka ardhini yakiwa ya kuunguza, mvuke, na mawe yaliyobadilika rangi. Nasema tu kwamba katika ardhi ya volkeno kama yetu usishuke shimoni wala bondeni pasipo mtu wa hapo. Upande wa Goma gesi ya kabonidioksidi hutuama mahali pa chini, haina harufu, inaua kuku, mbuzi na watu; wenyeji wanaiita mazuku na wanajua kila tundu lake.

Mlima Kahuzi wenyewe umesahauliwa kwa sababu ya gorila wake. Watu wanaingia mbugani, wanawaona wanyama, wanatoka, na kilele kile cha mita 3,308 kinabaki na ukungu wake. Unapita kwanza mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa, unaingia Tshivanga, unaandikisha, unapewa mwongozo na walinzi wenye silaha. Halafu ni kupanda. Mianzi ndiyo inayochosha: imesimama karibu karibu, mingine imelala njiani, unapita chini yake ukiinama na maji yanakumwagikia shingoni hata kama hakuna mvua. Juu yake miti inakuwa mifupi na kuvaa ndevu za kuvu, tope linakuwa jeusi, baridi inaingia. Kileleni tulipata uwazi kwa muda mfupi: kinamasi cha Musisi chini, Biega na mita zake 2,790 upande mwingine, ziwa kwa mbali. Kisha wingu likafunga.

Mwenye kutaka kupanda aende Juni mpaka Agosti, aanze alfajiri. Toka Septemba mpaka Mei mvua inakuja alasiri bila kuomba ruhusa, na kushuka mianzi ile kwenye mvua ni kushuka kwa makalio. Buti za mpira, zile za shamba, ni bora kuliko viatu vya gharama. Muulize mlinzi yeyote anavaa nini.

Kuna jambo lingine la mlima huo na sitalificha ili matembezi yapendeze. Misitu hii ilikuwa makazi ya Bambuti, watu wa msituni wanaoitwa pia Batwa. Mbuga ilipoundwa na kupanuliwa miaka ya 1970, walitolewa, wakaachwa kwenye ukingo wa mashamba ya watu wengine bila ardhi. Baadhi yao ndio waliokuwa mafundi wa kufuata nyayo za gorila, na bila wao hakuna mzungu ambaye angewaona wanyama hao. Ugomvi wao na mbuga umeleta vifo, na haujaisha. Unapolipa kiingilio, jua kwamba pesa hiyo ina upande huo pia. Mimi niliendelea kwenda, na nilipokuwa na wageni niliwaeleza kabla ya kufika getini, siyo baadaye kwenye chakula.

Ngomo nitaipita upesi, kama inavyostahili kupitwa. Ni ule mteremko wa barabara ya Uvira baada ya Nyangezi, ukuta upande mmoja na shimo upande wa pili, malori mawili hayapishani. Mandhari yake sijaona mfano: nyanda za Ruzizi zinatandazwa chini ghafla, joto linapanda kukupokea, na unaelewa kwa macho kwamba mto ule unaotoka ziwani mwetu kwenye mita 1,460 unaporomoka karibu mita 700 mpaka Tanganyika. Lakini barabara haina huruma, hasa kwenye tope, ndiyo maana wenye karatasi huzungukia Rwanda kwenye lami na kurudi Kongo kwa Kamanyola. Mara moja inatosha, kiangazi, na dereva anayeijua. Sitampeleka mtoto.

Mambo madogo ya njiani yanaharibu safari kuliko milima. Mkongomani abebe kadi yake ya mpiga kura, ndiyo kitambulisho chetu, na mgeni abebe nakala za pasipoti na viza, kwa kuwa kila bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani, itataka kuona na wengine watataka kubaki nayo. Usipige picha ya daraja, askari wala uwanja wa ndege, hata kama ziwa nyuma yake linang'aa. Dola yenye mpasuko mdogo haipokelewi na mtu, na kijijini hata dola nzima ni mzigo. Badilisha mjini uwe na franka za noti ndogondogo. Kwenye bariyeri shuka, vua kofia, salimia kwanza, "Asinge" kwa upande wa Bushi, nchi ya wasema Mashi, halafu ndipo karatasi. Nimeona gari la watu wenye nyaraka zote likikaa nusu ya mchana kwa sababu dereva alitoa karatasi dirishani bila salamu. Pikipiki yetu ilipita.

Na Jumapili asubuhi usipange kitu. Njia zote zimejaa watu wenye nguo safi wakielekea kanisani, na mwongozo wako yumo katika kwaya. Nenda naye. Baada ya misa watu wanasimama nje wakizungumza, na hapo ndipo utakapopata jina la mtu wa kijiji kinachofuata.

Kuhusu kulala kwa watu, wengi huniuliza walipe nini. Usifike na bahasha. Fika na sukari, chumvi, mche wa sabuni na mafuta ya kupikia, umpe mama wa nyumba jikoni siku hiyo hiyo, maana chakula cha usiku huo amekikopa kwa jirani kabla hujaingia. Kuku akichinjwa, kula. Usiseme huli nyama usiku. Maji ya kuoga utakayowekewa yamebebwa kutoka bondeni na msichana ambaye kesho ana shule, yapunguze. Pesa mpe asubuhi ya kuondoka, mkononi, mkiwa wawili, useme ni ya daftari za watoto. Atakataa mara ya kwanza. Mara ya pili atapokea na kukuuliza soko lijalo mnarudi lini.